Namna ya kupima mtiririko wa nishati ya sumakuumeme kwenye viputo vya plazma vya ikweta kwa data za Swarm

Jua likishazama kwenye ikweta, tabaka la E la ionosfia (sehemu ya juu ya angahewa yenye plazma, yaani gesi ya ioni na elektroni) hupoteza plazma yake haraka, huku tabaka la F lililo juu yake likiwa bado limejaa. Plazma nzito inakuwa imekaa juu ya nyepesi, na kama ilivyo kwa mafuta yaliyofunikwa na maji, hali hiyo haidumu. Sehemu nyepesi hupenya juu na kutengeneza kiputo, yaani kijia ambamo plazma imepungua mara kumi, mara mia, na pengine zaidi, kilichonyooka kufuata mistari ya uga wa sumaku kutoka upande mmoja wa ikweta hadi wa pili. Mawimbi ya redio yakipita humo hutikisika, na ndiyo sababu vipokezi vya GPS kuanzia Malindi hadi Dar es Salaam huweza kupoteza setilaiti saa mbili au tatu usiku katika miezi ya Machi na Oktoba.

Mwongozo huu unahusu jambo moja tu la viputo hivyo: nishati ya sumakuumeme inayosafiri kwenye kuta zake kufuata mistari ya sumaku inatoka wapi na inaelekea wapi. Kiasi chake ni kidogo, mikrowati chache kwa mita ya mraba, kwa hiyo kosa lolote la alama ya kujumlisha au kutoa linageuza jibu zima. Kazi kubwa hapa ni kulinda mwelekeo. Ukubwa wa namba utauboresha baadaye.

Msomaji anatarajiwa kuijua Python kiasi cha kutumia NumPy, SciPy na xarray, na kukumbuka zao la vekta kutoka fizikia ya mwaka wa kwanza.

Data za kuchukua

Swarm ni setilaiti tatu za shirika la anga la Ulaya, ESA, zilizorushwa tarehe 22 Novemba 2013. A na C zilianza kazi zikiruka bega kwa bega kwenye kimo cha kilomita 460 hivi, na B juu zaidi kidogo ya kilomita 500. Njia zake zinapita karibu na ncha za dunia, hivyo kila zinapofika ikweta zinakuwa zinakwenda kaskazini au kusini, karibu sambamba na mistari ya sumaku. Shika jambo hilo, maana litarudi mara mbili hapa chini: mara ya kwanza kama faida, ya pili kama mtego.

Fungua akaunti ya bure kwenye VirES, tovuti ya data za Swarm, pata tokeni, kisha sakinisha viresclient, maktaba yake ya Python. Bidhaa unazohitaji ni nne. SW_OPER_MAGA_HR_1B ina uga wa sumaku, sampuli 50 kwa sekunde. SW_EXPT_EFIA_TCT02 ina mwendo wa ioni kutoka kwenye TII, kamera ya ioni iliyomo kwenye setilaiti, sampuli 2 kwa sekunde. SW_OPER_EFIA_LP_1B inatoa msongamano wa elektroni (Ne) kutoka proba za Langmuir (LP), nazo sampuli 2 kwa sekunde. Ya nne, SW_OPER_IBIATMS_2F, ni faharasa ya viputo (IBI), ambayo ni kazi uliyokwisha kufanyiwa: Bubble_Index ikiwa 1 kuna kiputo, 0 hakuna, na −1 maana yake data haikufaa kuchambuliwa. Ukitaka B au C, badilisha herufi A iliyo mwishoni mwa MAGA na EFIA, na ile iliyo katikati ya IBIATMS.

Unapoomba uga wa sumaku, omba pamoja na modeli ya CHAOS kwa nyakati zilezile, na uongeze QDLat (latitudo ya sumaku) na MLT (saa ya mahali kwa kipimo cha sumaku). Modeli hiyo inakusanya uga wa kiini cha dunia, wa miamba na wa magnetosfia, na ndiyo utakayoitoa kwenye vipimo ili yabaki mabadiliko madogo.

Kuhusu wakati, saa ya mahali ambapo Swarm A inavuka ikweta husogea kwa takriban saa 2.7 kila mwezi. Viputo vinapatikana zaidi kati ya saa moja jioni na saa sita usiku, hivyo dirisha la jioni linafunguka kwa wiki saba au nane, kisha linafunga, na linarudi baada ya miezi minne na nusu hivi tangu lilipofunguka mara ya kwanza. Chagua dirisha linaloangukia karibu na ikwinoksi (Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana) kama unataka longitudo za Afrika, au Novemba hadi Januari kama unataka Amerika ya Kusini na Atlantiki. Miaka ya jua kali, 2014 na tena 2023 hadi 2024, ina viputo vingi. Ukichukua 2019 au 2020 utachoka kutafuta.

Kukata vipande

Setilaiti inakwenda kilomita 7.6 kwa sekunde, sawa na digrii 3.8 hivi za latitudo kwa dakika. Kata kila mpito kuanzia QDLat −40 hadi +40, kama dakika 21, hata kama utachora kati ya −15 na +15 peke yake. Zile digrii za ziada ni kafara ya chujio, kwa sababu ncha za kipande chochote kilichochujwa huwa zimeharibika na lazima zitupwe.

Kiputo kikiwa na upana wa kilomita 100 mashariki-magharibi, setilaiti haikikati kwa upana huo. Inapita kwa urefu wake, ikiingia na kutoka kwa sababu kiputo kimejikunja kuelekea magharibi kadiri kinavyopanda. Isitoshe, kwa kila latitudo mstari wa sumaku una kimo kingine cha kilele: kutoka kilomita 460, mstari wa sumaku uliopo latitudo ya sumaku 10 unapanda hadi kilomita 670 hivi juu ya ikweta, na ule wa latitudo 15 unafika kilomita 950. Kwa hiyo "mashimo" mawili kwenye grafu ya Ne, moja kaskazini na jingine kusini, yanaweza kuwa kiputo kimoja kilichopitwa mara mbili. Usiyahesabu kama viputo viwili.

Uga wa sumaku: kuzungusha mihimili

Toa CHAOS kwenye B_NEC (uga uliopimwa, kwa mihimili ya kaskazini, mashariki na chini) upate masalio. Kisha tengeneza mihimili mitatu kwa kila sampuli ukitumia modeli yenyewe, usitumie kipimo. Mhimili z uelekee B ya modeli, ambayo kwenye ikweta ni kaskazini. Mhimili y ni zao la vekta la z na vekta inayotazama nje ya dunia, ligawanywe kwa urefu wake. Huo unaelekea mashariki. Mhimili x ni zao la y na z, nao unaelekea juu, mbali na dunia. Kwenye mfumo wa NEC, vekta ya kutazama nje ni (0, 0, −1), kwa kuwa herufi C inahesabu kwenda chini. Wengi huandika +1 hapo, na kuanzia hapo x na y zote mbili zimepinduka.

Jaribu kwa mkono kabla ya kuendelea: weka b = (1, 0, 0). Lazima upate y = (0, 1, 0) na x = (0, 0, −1). Usipopata hivyo, simama.

Sasa una Bx, By na Bz za masalio. Bz itakuvutia kwa sababu ndiyo inayoonekana wazi zaidi ndani ya kiputo: inapanda kidogo, maana uga wa sumaku hujazia shinikizo la plazma lililopotea. Ukipungukiwa elektroni 10¹² kwa mita ya ujazo, na jumla ya joto la ioni na elektroni ikiwa kelvini 2,000, ongezeko ni kama nT (nanotesla) 1.4. Faharasa ya IBI inategemea alama hiyohiyo. Lakini Bz haichangii chochote kwenye nishati inayokwenda sambamba na mstari wa sumaku. Itumie kuthibitisha kwamba kiputo kipo, halafu iache. Zinazobeba nishati tunayoitafuta ni Bx na By.

Uga wa umeme: hapa ndipo pagumu

Swarm haipimi uga wa umeme moja kwa moja. TII inapiga picha ya ioni zinazoingia, inakadiria mwendo wake, na uga wa umeme unapatikana kwa E = −v × B. Ile njia ya kaskazini-kusini inatupa faida yake ya kwanza hapa. Mwendo unaohitajika ni ule wa kukata mistari ya sumaku, yaani wa mashariki-magharibi na wa juu-chini, na kwenye ikweta yote miwili ni ya kando ya njia ya setilaiti: Viy na Viz. Mwendo wa mbele-nyuma, ambao TII huupima vibaya kuliko yote, karibu wote umelala kwenye mstari wa sumaku na hauna kazi.

Mtego ni mwelekeo wa mihimili. Kwenye TCT02, x ni mbele, y ni kulia kwa setilaiti, z ni chini. Setilaiti ikienda kaskazini, kulia ni mashariki. Ikienda kusini, kulia ni magharibi. Asiyejali hilo hupata nishati ya kaskazini kwenye mipito ya kupanda (setilaiti ikienda kaskazini) na ya kusini kwenye ya kushuka (ikienda kusini), kisha anaandika kwamba amegundua tofauti ya saa. Usiandike "kama inapanda, zidisha kwa 1, la sivyo −1", kwa sababu njia haiko kaskazini kamili na marekebisho ya namna hiyo husahaulika. Tengeneza mihimili kutoka kwenye VsatN, VsatE na VsatC zilizomo humohumo kwenye bidhaa: x ni mwendo uliogawanywa kwa urefu wake, y ni zao la vekta ya chini na x, z ni zao la x na y. Zungusha v hadi NEC, halafu kutoka NEC hadi mihimili ya sumaku uliyokwisha tengeneza.

Kadiri unavyotoka ikweta, mstari wa sumaku unainama na Viz inaanza kuchanganya mwendo wa kukata mstari na ule wa kuufuata. Kwenye latitudo ya sumaku 10 mwinamo ni digrii 19, kwenye 15 ni digrii 28. Ukikubali kwamba mwendo wa kufuata mstari ni mdogo, gawanya mwendo wa juu kwa kosaini ya mwinamo: sahihisho la asilimia 6 kwenye latitudo 10 na 13 hivi kwenye 15. Zaidi ya hapo tusingeiamini.

Kuna mambo mengine ya TII ya kuchunga. Picha zake hufifia ioni zinapopungua sana, na hizo hupungua ndani ya kiputo, palepale unapotaka kupima. Alama za ubora za bidhaa hiyo zimetungwa zaidi kwa ajili ya latitudo za juu, hivyo usitegemee zikuchagulie data za ikweta. Chora Viy na Viz za kila mpito uziangalie kwa macho. Mstari uliokatika ngazi kwa ngazi, au uliokauka kwenye thamani moja, au unaotikisika mita 500 kwa sekunde hata pasipo na kiputo, tupa mpito mzima. Kutupa nusu ya mipito ni jambo la kawaida katika kazi hii.

Kipimo chepesi cha kujua kama mihimili yako iko sawa ni hiki: ndani ya kiputo kichanga, kabla ya saa nne usiku, plazma inapaswa kupanda, na kupanda kunatoa uga wa umeme wa mashariki, yaani Ey chanya. Chukua mipito ishirini yenye IBI 1, nusu ya kupanda, nusu ya kushuka. Kama Ey ya wastani ndani ya mashimo ni chanya kwa makundi yote mawili, endelea. Kama ni chanya kwa moja na hasi kwa jingine, rudi aya tatu nyuma.

Kuoanisha saa na kuchuja

Mihuri ya muda ya MAG, TCT na LP hailingani. Usichukue sampuli iliyo karibu tu. Nusu sekunde ni kilomita 3.8, na ukuta wa kiputo unaweza kuwa mwembamba kama huo. Kwanza lainisha data za MAG za 50 Hz kwa chujio linaloondoa kila kitu cha haraka kuliko sekunde moja na nusu, kisha ndipo uzisome kwenye nyakati za TCT kwa interpoleshi ya mstari. Ukiruka hatua ya kulainisha, mitetemo ya haraka itajigeuza mitetemo ya polepole ya uongo na hutaitambua tena.

Baada ya hapo, pitisha E na B kwenye chujio lilelile moja: Butterworth la daraja la 4, linaloondoa mabadiliko ya polepole kuliko sekunde 30, likienda mbele na kurudi nyuma kwa sosfiltfilt ili lisisogeze wakati. Sekunde 30 ni kilomita 230, ukubwa unaoacha kuta za kiputo na kuondoa mikondo mipana ya ionosfia pamoja na makosa ya polepole ya TII. Tunasisitiza chujio moja kwa sababu anayechuja B kwa sekunde 30 na E kwa 60, au B kwa kwenda mbele tu, anasogeza wimbi moja mbele ya jingine, na zao la vitu viwili vilivyosogezana hubadili alama kila baada ya sekunde chache.

Rudia hesabu nzima kwa sekunde 20 na kwa 40. Ukubwa utabadilika, na hiyo si shida. Mwelekeo ukibadilika, tukio hilo halifai kuingia kwenye takwimu zako.

Hesabu yenyewe

Ni mstari mmoja:

Sz = (Ex·By − Ey·Bx) / μ0

Ukiwa na E kwa mV/m na B kwa nT, zidisha jumla ya kwenye mabano kwa 0.796 upate mikrowati kwa mita ya mraba. Sz chanya ni nishati inayofuata B, yaani kuelekea kaskazini. Hasi ni kusini. Pima msimbo wako kwa data bandia kabla ya data halisi: Ey = 1, Bx = −2, vingine sifuri, lazima itoke +1.6.

Tuchukue mfano wa namba. Setilaiti inakwenda kusini, iko QDLat −6, Viz iliyochujwa ni −60 m/s, yaani plazma inapanda kwa 60. Mwinamo hapo ni digrii 12, kosaini yake 0.98, hivyo mwendo wa kukata mstari ni 61 m/s. B ni nT 26,000. Zidisha: Ey ni 1.6 mV/m, mashariki. Masalio ya Bx ni +1.5 nT. Tuseme Ex na By ni ndogo. Sz = −1.6 × 1.5 × 0.796, yaani −1.9 µW/m². Nishati inakwenda kusini.

Mwelekeo huo unaweza kuukagua kwa mikondo bila kugusa hesabu. Bx chanya ndani ya kiputo ina maana mkondo unaelekea kusini kwenye ukuta wa magharibi na kurudi kaskazini kwenye ukuta wa mashariki. Huko chini, kwenye mguu wa kusini, yaani pale mstari wa sumaku unapotua kwenye ionosfia ya chini, mkondo lazima uvuke kutoka magharibi kwenda mashariki ili mzunguko ufunge, na huko uga wa umeme pia ni wa mashariki. Mkondo na uga vikielekea upande mmoja, hapo nishati inatumika. Mguu wa kusini ndio mlaji, na Sz imesema vivyo hivyo. Vikipingana, kuna alama iliyokosewa mahali fulani.

Usitumie bidhaa rasmi za mikondo ya kufuata sumaku kwa ukaguzi huu. Hesabu yake ya setilaiti moja inagawanya kwa saini (sine) ya mwinamo, na kwenye ikweta mwinamo ni karibu sifuri.

Kelele

Chukua mipito thelathini au zaidi ya saa zilezile, msimu uleule, yenye IBI 0, uipitishe kwenye hatua zote bila kubadili kitu. Mchepuko wa kawaida wa Sz utakaoupata ndio sakafu yako. Kubali tukio kama kilele chake kinazidi mara tatu ya sakafu. Ukiwa na kosa la 50 m/s kwenye mwendo wa ioni, E ina kosa la mV/m 1.25 hivi, na Bx ya nT 1 inaligeuza kuwa mikrowati 1. Kwa hiyo matukio dhaifu yatapotea, na hayo yapotee.

Jumlisha zao, usizidishe wastani. Wastani wa E mara wastani wa B si kitu chochote cha fizikia, hasa baada ya kuchuja, ambapo kila wastani uko karibu na sifuri.

Kusoma mwelekeo

Chora Sz ya kila tukio dhidi ya QDLat, kaskazini kulia. Matarajio ya zamani yalikuwa kwamba kiputo chenyewe, kikiwa juu ya ikweta, ndicho jenereta: nishati ingetoka katikati na kushuka kwenye miguu yote miwili, Sz hasi upande wa kusini na chanya upande wa kaskazini. Uchambuzi wa data za Swarm uliochapishwa 2017 ulionyesha kitu kingine. Kwa ujumla nishati inavuka, inatoka nusu moja ya dunia kwenda nyingine, na alama ya Sz inabaki ileile pande zote mbili za ikweta. Kutolingana huko kulijitokeza sana kwenye eneo la Atlantiki ya Kusini ambako uga wa sumaku ni dhaifu.

Kwa hiyo swali la kuuliza grafu yako ni moja: je, alama inageuka kwenye QDLat 0? Mpito mmoja haujibu, kwa kuwa setilaiti huenda imekata kiputo upande mmoja tu. Panga matukio kwa vipande vya longitudo vya digrii 30 na kwa misimu mitatu (Novemba–Februari, Mei–Agosti, na miezi ya ikwinoksi), kisha hesabu idadi ya chanya na hasi kila upande wa ikweta. Hesabu idadi kabla ya kupiga wastani, maana tukio moja kubwa linaweza kuvuta wastani wa kipande kizima.

Tofauti ya miguu miwili inategemea upitishaji wa umeme wa ionosfia ya kila mguu, na miguu hiyo huwa mbali kuliko mtu anavyodhani. Barani Afrika ikweta ya sumaku haifuati ile ya ramani. Inapita Ethiopia, karibu na latitudo 9 au 10 kaskazini. Mstari wa sumaku unaoanzia juu ya Nairobi unapanda, unavuka juu ya Ethiopia, na kutua latitudo 20 kaskazini hivi, upande wa Sudan na Bahari ya Shamu. Juni, mguu mmoja uko kwenye majira ya baridi ya kusini na mwingine kwenye kiangazi cha kaskazini, jua linazama kwa nyakati tofauti, na upitishaji haulingani.

Wimbi au mkondo tuli

Gawanya |Ey| kwa |Bx|. Kwenye mfano wetu, 1.6 mV/m kwa 1.5 nT ni kilomita 1,070 kwa sekunde. Sasa tafuta kasi ya Alfvén, yaani ya mawimbi yanayosafiri kwenye mistari ya sumaku ndani ya plazma: B igawanywe kwa kipeuo cha pili cha μ0 mara uzito wa plazma kwa mita ya ujazo. Ne ya 2 × 10⁴ kwa sentimita ya ujazo, ioni zikiwa za oksijeni, inatoa km/s 1,000. Zinakaribiana, na hapo kuna kishawishi cha kutangaza wimbi la Alfvén. Subiri. Uwiano uleule ukiusoma kama mkondo tuli, unamaanisha upitishaji wa siemensi 0.75 kwenye mguu, na hiyo nayo ni namba ya kawaida kwa usiku. Uwiano peke yake hauamui.

Kinachoamua ni awamu. E na B zikipanda na kushuka pamoja, au moja ikiwa kinyume kamili cha nyingine, nishati inasafiri. Zikiachana kwa robo ya mzunguko, wimbi linadunda kati ya miguu miwili, Sz inapepesuka huku na huku, na wastani wake ni karibu sifuri hata kama vilele ni vikubwa. Angalia pia uwiano kwenye ukubwa mbalimbali: mkondo tuli unatoa uwiano uleule kwa kilomita 200 na kwa 20, wakati wimbi linaufanya ufuate msongamano wa plazma.

Kosa moja la vizio hapa limewasumbua wengi. Ne ya Swarm inatolewa kwa sentimita ya ujazo. Ukisahau kuzidisha kwa milioni, kasi ya Alfvén inatoka kubwa mara 1,000, na kila kitu kwenye jedwali lako kitaonekana kuwa mkondo tuli.

Kama TII haikutoshi

Setilaiti ya C/NOFS, iliyorushwa Aprili 2008, ilibeba vipimo vya uga wa umeme vya milingoti na magnetomita, kwenye njia yenye mwinamo wa digrii 13 peke yake kati ya kilomita 400 na 850. E yake ni safi kuliko ya TII, na inakata viputo kwa upana wake, mashariki-magharibi, hivyo kuta mbili zinaonekana kama kuta mbili. Upungufu wake ni kwamba haitoki mbali na ikweta, kwa hiyo haikupi pande zote mbili za kutosha kuuliza swali la alama kugeuka. Wazo la kupima uga wa umeme ndani ya viputo ni la zamani kuliko zote mbili, na lina mizizi pwani yetu: San Marco D, iliyorushwa Machi 1988 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilikwenda na vipimo vya aina hiyo na ikakuta viputo vinavyopanda kwa kasi kubwa sana.

Ukitaka kulinganisha matokeo ya vimo tofauti, au kuyapeleka hadi mguuni kwenye kilomita 110, gawanya Sz kwa B ya pale ilipopimwa, zidisha kwa B ya pale unapoipeleka. Mirija ya sumaku hubana pale uga unapokuwa na nguvu, na nishati hubana nayo. Kwenye faili la matokeo weka, kwa kila tukio, toleo la CHAOS, sekunde za chujio, mwelekeo wa setilaiti, sakafu ya kelele ya msimu huo na alama ya Sz kwa machujio yote matatu. Mwenzako atakayepata jibu la kinyume ataanza kutafuta kosa kwenye safu ya mwelekeo wa setilaiti.